Ng'ombe Niliyemwandika kwenye Fomu

Aliyemwandika yule ng'ombe kwenye fomu ya mkopo ni mimi. Mwandiko ni wangu wa darasa la saba, na hata leo nikifumba macho nauona.

Winfrida ni jirani yangu. Kihamba chake, shamba la migomba linalozunguka nyumba, na chetu vimetenganishwa na mfereji tu, na hapa Kirua Vunjo watu wanamwita Mama Godlove. Ana miaka arobaini na saba, mjane, mrefu, anauza ndizi Kiboriloni siku za soko. Maneno yake ni machache. Nilipojifungua Jesse mume wangu alikuwa mlimani amebeba mizigo ya wageni, na Winfrida ndiye aliyenifulia nguo za mtoto siku kumi na mbili. Hakusema ananisaidia. Alikuwa anachukua beseni na kuondoka nalo, jioni analirudisha na nguo zimekauka.

Mwezi wa nne mwaka jana upepo ulikuja na mvua ukang'oa mabati ya chumba chake na nusu ya sebule. Alilala jikoni na kuku wiki mbili. Mwanawe Godlove yuko Dar, anapakua magunia kwenye stoo, na mwezi huo alituma elfu ishirini. Fundi alipiga hesabu ya mabati, mbao na misumari, ikafika laki tano na ushee.

Ndipo Evelyn, fundi cherehani wa pale barabarani, akamwambia aingie kwenye kikundi chao. Walikuwa wanawake wanne, wanatafuta wa tano, maana ile kampuni ya mikopo ya mjini haitoi pesa mpaka mfike watano na mdhaminiane. Mikopo hiyo watu wanaiita kausha damu. Wanacheka wanapoitaja, halafu wanakwenda kuichukua.

Jumapili baada ya ibada Winfrida akaniita nimjazie fomu, kwa sababu maandishi madogo hayaoni vizuri. Afisa mwenyewe alikuwepo, kijana anaitwa Antoni, nadhifu, mwenye adabu, viatu amevivua mlangoni. Pale kwenye sababu ya mkopo nilitaka kuandika paa. Antoni akacheka kidogo.

"Dada, paa halirudishi pesa. Andika kuongeza mtaji wa ndizi."

Nikaandika. Tukafika kwenye mali za dhamana. Winfrida akataja kochi, redio na godoro.

"Havifiki, mama," Antoni akasema, akanyoosha kalamu kuelekea bandani. "Na yule ng'ombe je? Ni wako?"

Winfrida alikaa kimya mpaka nikadhani hakusikia. Kisha akasema, "Si unamwona yuko kwangu."

"Basi dada, mwandike."

Nikaandika: ng'ombe jike mmoja, mwekundu, mwenye paji jeupe. Antoni akampiga picha, akataka na Winfrida asimame ameshika kamba. Akasimama, akatazama chini. Mimi sikuona ajabu yoyote. Tangu niolewe pale nilimwona kila siku anashuka tambarare kumtafutia ng'ombe yule majani, anapanda na mzigo kichwani ambao mume wangu mwenyewe, mpagazi, angeupumzisha njiani.

Mkopo ulikuwa laki sita. Kwenye simu ziliingia laki tano na elfu arobaini, sitini zilikatwa za fomu na bima. Marejesho ni elfu thelathini na moja na mia tano kila Jumatatu, wiki ishirini na nne. Siku ile sikupiga hesabu. Nilikuja kupiga baadaye nikiwa namnyonyesha Jesse, nikarudia mara tatu nikidhani nimekosea. Ilikuwa inakuja laki saba na elfu hamsini na sita. Kwa paa la vyumba viwili.

Mkungu wa ndizi Winfrida alikuwa anaununua elfu saba na kuuza elfu tisa. Ukitoa nauli na ushuru, siku nzuri alirudi na elfu nne, na siku za soko ni tatu tu kwa wiki. Kilichombeba ni maziwa. Lita tatu kwa siku alizipeleka kwa mama wa hoteli, na nusu lita aliniwekea mimi kwenye chupa ya maji, akiniambia nitalipa mlima ukilipa. Kwa hiyo wiki saba za kwanza alilipa, na yeye mwenyewe alikula kiburu, zile ndizi zilizopondwa na maharage, asubuhi na jioni. Paa jipya lilikuwa linang'aa mpaka unafumba macho.

Wiki ya nane ng'ombe akakauka. Alikuwa na mimba ya miezi saba, na ng'ombe wa mimba hiyo lazima umwache apumzike, vinginevyo unamwua yeye na ndama. Kila mfugaji analijua hilo. Fomu ilikuwa haina mahali pa kuliandika.

Hapo ndipo nilipoanza kuona mambo ambayo sikuyategemea kwa mtu kama Winfrida. Alikata mikungu ya kihambani kwake ikiwa bado michanga, ndizi kama vidole vya mtoto, akaiuza kwa bei ya bure. Alishuka Mabogini kupandikiza mpunga wa watu, elfu sita kwa siku, anatoka kabla hakujapambazuka na kurudi miguu imevimba, na ngozi ya vidoleni nyeupe kama ya maiti. Nilimchemshia maji ya chumvi. Aliweka miguu, akalala palepale kwenye kigoda, ameketi.

Jumatatu moja akaniomba nimuuzie kuku wake wawili wa mwisho kisha nimletee pesa kwa Evelyn, kwenye kikao chao. Nilifika saa kumi na moja jioni. Walikuwa wameketi pale barazani tangu saa nane, wanawake watano kwenye benchi moja na Antoni kwenye kiti cha plastiki. Kanuni yao ni kwamba haondoki mtu mpaka marejesho ya wote yatimie.

"Mama Godlove," Monica alikuwa anasema, huyu ana duka dogo na friji la soda, "mimi nimeacha maharage motoni. Saa hizi nitakuta mkaa."

"Afadhali wewe una maharage," mwingine akajibu, wakacheka.

"Mama zangu," Antoni akasema bila kuinua macho kwenye simu yake, "mimi sina haraka. Leo nimekuja na chaja."

Nikatoa elfu kumi na nane za kuku. Bado zilipungua elfu tano. Winfrida akasimama, akafungua kitenge alichojifunga juu ya sketi, akakikunja vizuri, pembe kwa pembe, akampa Evelyn.

"Nishikie hiki. Nipe elfu tano."

Nilidhani Evelyn atakataa. Wanaimba sauti moja kwaya tangu ni wasichana. Alikipokea, akakipapasa kama fundi anavyopapasa kitambaa, akaingia ndani akatoka na noti. Tukarudi nyumbani mimi na Winfrida, yeye na sketi yake ya kazi yenye kiraka, na watu wa njiani wanamsalimia. Mimi ndiye niliyeshindwa kuitikia. Jesse mgongoni alikuwa anachezea sikio langu, na nilitamani asikue haraka aelewe mambo.

Wiki ya kumi na mbili hakulipa. Ya kumi na tatu hakulipa. Wenzake walimlipia ya kwanza kwa kuchangishana, ya pili wakakataa. Antoni akaja nyumbani na barua. Pamoja na faini, deni lililobaki lilikuwa laki nne na elfu sitini. Alhamisi ya wiki inayofuata wangekuja na gari kumchukua ng'ombe.

"Pole, mama," akasema. "Kazi tu."

Alipoondoka nilimwambia Winfrida maneno ya kumtuliza. Nilisema angalau ana ng'ombe, kuna watu wanang'olewa mlango. Alikuwa anakata mgomba vipande vipande kwa ajili ya ng'ombe huyo huyo. Akaweka panga chini.

"Mama Jesse. Yule si wangu."

"Nani si wako?"

"Ng'ombe. Ni wa Mzee Eliufoo wa Marangu. Aliwekwa hapa."

Nikakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Habari za ng'ombe wa kuwekwa nilizisikia kwa bibi yangu nikiwa mdogo, nikadhani zimekwisha na wazee wake. Mwenye ng'ombe hawafugi wote kwake. Anawapeleka kwa rafiki wa kijiji cha mbali, yule mlishi anapata maziwa na mbolea, mwenyewe anakuja kuchukua ndama. Na ni siri ya wanaume wawili na shahidi wao, ili jicho la jirani lisihesabu mali ya mtu. Hata mke anaweza kuzeeka asijue mumewe ana ng'ombe wangapi, na wako wapi.

"Kwa nini hukumwambia Antoni siku ile?"

"Ningemtajiaje mgeni ng'ombe wa mtu? Marehemu alipokuwa anaumwa alinikabidhi neno hilo, akasema lisitoke. Hata Godlove hajui." Akachukua tena panga. "Na paa nilikuwa nalitaka."

Nilirudi kwangu nikakaa na mtoto mapajani bila kuwasha moto. Kwa muda wote ule niliona deni la Winfrida kuwa la mtu mmoja na kampuni. Kumbe nilikuwa nimeandika mali ya mzee nisiyemjua, anayelala Marangu hana habari.

Jumamosi tukaenda kwake. Kabla ya kutoka Winfrida alichuma jani la isale kwenye mpaka wa kihamba, akalipiga fundo, akalifunga kwenye leso. Jani hilo ukimpelekea mtu kumwomba radhi hawezi kukufungia mlango, hata kama umemuulia mtu wake. Njia nzima hakusema kitu zaidi ya kuniuliza kama Jesse amevaa soksi.

Mzee Eliufoo tulimkuta nyuma ya nyumba anatengeneza mpini wa jembe. Ni mzee mdogo wa umbo, mkavu, koti la mvua amelivaa na jua linawaka. Tulimsalimia shikamoo, akaitika marahaba kwa sauti ya mtu anayengoja kuombwa pesa. Mkewe, Bibi Elisifa, alikuwa jikoni mlango wazi, tunamwona anamenya ndizi. Winfrida akapiga magoti, akatoa isale, akaeleza yote. Fomu, picha, gari la Alhamisi. Hakulia. Mimi nilikuwa nalia nyuma yake kimya kimya na Jesse ananishika pua.

Mzee alilishika lile jani muda mrefu.

"Mke wa Gerson," akasema, "umeniweka rehani mimi."

"Ndiyo, mzee."

"Marehemu asingefanya."

"Asingefanya."

"Basi mimi nikufanye nini?"

Ndipo sauti ikatoka jikoni, na kisu kinaendelea kumenya.

"Mwambie na ya yule mtamba."

"Elisifa, hii si habari yako."

"Mwambie. Mtu amekuletea isale, na wewe unaipokea kama huna unachodaiwa. Mwambie au nije nimwambie mimi."

Mzee akasafisha koo mara mbili. Maneno yalimtoka taratibu, anaongea na ule mpini. Makubaliano yake na Gerson yalikuwa kwamba ndama wa kwanza na wa pili ni wa mwenye ng'ombe, wa tatu ni wa mlishi. Wa tatu alizaliwa mwaka wa msiba wa Gerson, miaka sita nyuma. Alikuwa jike. Mzee alimchukua kama alivyowachukua wengine, Winfrida akamfungulia mlango wa banda mwenyewe, kwa sababu hesabu hiyo hakuwahi kuambiwa. Yeye alijua moja tu, kwamba ndama ni wa mwenyewe.

"Sikumwiba," mzee akasema. "Nilikuwa nasubiri Godlove akomae nimkabidhi. Mambo haya ni ya wanaume."

"Godlove ana miaka ishirini na sita," Bibi Elisifa akasema. "Unasubiri aote mvi?"

"Namkumbuka," Winfrida akasema. Alikuwa bado amepiga magoti. "Mweusi, mguu mmoja mweupe. Alikataa kunyonya, nikamlambisha maziwa kwa kidole wiki nzima. Yuko wapi?"

Mzee akatazama chini.

"Alizaa mara mbili," mkewe akajibu badala yake. "Krismasi ya juzi tukamuuza. Tulikuwa na mgonjwa."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukikaa vile. Miaka yote ile Winfrida alikuwa na ng'ombe wake mwenyewe, amesimama Marangu anakamuliwa mpaka akauzwa, na yeye huku akaja kukunja kitenge chake kupata elfu tano. Nilingoja apige kelele. Aliinuka tu, akapangusa magoti, akaniomba nimshikishe Jesse. Akamkumbatia mwanangu akawa anatazama migomba.

Mzee Eliufoo akasema basi, aliye bandani awe wa Winfrida tangu siku hiyo, badala ya yule mweusi, na Bibi Elisifa ni shahidi, na huyu mama mwenye mtoto ni shahidi. Nikafurahi nusu dakika. Halafu nikaona tatizo. Kama ng'ombe ni wa Winfrida, basi nilichoandika kwenye fomu ni kweli, na Alhamisi watamchukua kihalali.

Mzee alikuwa ameliona kabla yangu.

"Nitakuja hiyo Alhamisi," akasema. "Alama ya sikio ni yangu, picha zangu na ng'ombe wa ukoo huo ninazo. Nitawaambia ni wangu. Wakishaondoka, ni wako. Nani atajua?"

Winfrida akamrudishia macho bila kusema ndiyo wala hapana. Siku tano zilizofuata nilimwona anamsugua yule ng'ombe kwa brashi ya kufulia, tumbo limejaa, mimba ya miezi minane na nusu. Niliomba Mungu uongo wa mzee ukubalike. Nasema kama ilivyokuwa. Mwanangu alikuwa anasubiri maziwa hayo, na mimi nilikuwa nasubiri kusamehewa mwandiko wangu.

Alhamisi saa nne kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kikaingia pale uani. Dereva, Antoni na mtu wa tatu mwenye kamba, mnunuzi. Nyuma yao kwa miguu walikuja Evelyn na Monica, maana wadhamini lazima washuhudie. Mzee Eliufoo alikuwa ameshafika, ameketi kwenye kigoda mbele ya banda, koti la mvua mwilini.

"Kijana," akasema, "huyo mnayemfuata ni wangu."

Antoni akashusha pumzi. "Mzee wangu, shikamoo. Kila ninapokwenda ng'ombe ni wa babu. Kuku ni wa shangazi. Juzi nimeambiwa televisheni ni ya mchungaji."

Mzee akamwonyesha sikio lililokatwa alama, akatoa picha za zamani kwenye bahasha, ng'ombe wenye sikio hilohilo. Antoni akazitazama moja moja. Akatoka pembeni kupiga simu ofisini, akarudi.

"Sawa," akasema. "Kama si wake, ametudanganya kwenye fomu, lakini ng'ombe wa mtu hatuchukui. Kikundi ndicho kinacholipa. Mwenyekiti, tunaanza na cherehani yako. Kisha friji la dada Monica. Gari tunalo, tumalize leo leo."

Evelyn alishika mdomo kwa mikono miwili. Monica ndiye aliyemgeukia Winfrida.

"Mama Godlove, na mimi unanifunga kwenye kamba hiyo?" Sauti yake haikuwa na ule utani wa barazani. "Lile friji ni ada ya watoto wangu. Unalijua."

Mzee Eliufoo alikohoa, akamtazama Winfrida kwa jicho la kumwambia anyamaze. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni pa banda, na namna nilivyomjua Winfrida, mtu wa kunyamaza, nilijua atanyamaza. Alinyamaza kwa Antoni siku ya fomu. Alinyamaza miaka sita kwa ajili ya marehemu. Ilihitajika anyamaze dakika kumi nyingine tu.

"Ni wangu," akasema.

Mzee akainuka. "Mke wa Gerson."

"Mzee, asante. Ulinipa mbele ya mashahidi, huyu hapa mmoja." Akaninyooshea mkono. "Ng'ombe ni wangu. Cherehani ya Evelyn si yangu."

Nilimkasirikia kabisa, nakiri. Nikafikiri, huyu Evelyn aliyekushikia kitenge, huyu ndiye unayemnunua kwa ng'ombe mwenye mimba?

Yule mnunuzi alishaanza kuingia bandani na kamba. Winfrida akasimama mlangoni, na mwili wake ukauziba mlango wote.

"Unatoa ngapi?"

"Laki sita, mama."

"Huyo ni mbuzi?" Mzee Eliufoo akafoka, na nadhani hasira yake yote ya siku hizo ndipo ilipopata njia. "Amebakiza wiki chache azae, laki sita? Mwizi mkubwa."

"Kama ni wangu, nauza mimi," Winfrida akasema kwa Antoni. Hakupandisha sauti. "Jumamosi ni mnada. Njoo, na Evelyn aje, na Monica aje. Pesa itahesabiwa mbele yenu, yenu mnaichukua palepale. Leo haingii mtu humu."

Antoni akatazama saa, akamtazama mnunuzi, akapiga simu tena. Mnunuzi akasema maneno ambayo siyaandiki. Mwisho Antoni akachana kipande cha karatasi, akaandika "mpaka Jumamosi", akamwambia Winfrida aweke sahihi. Safari hii hakuniita mimi. Alisogeza karatasi mbali na macho, akaweka sahihi mwenyewe.

Mnadani aliuzwa milioni moja na laki tatu na nusu, kwa mtu wa Rombo. Mzee Eliufoo ndiye aliyesimamia bei, na alikuwa mkali mpaka dereva wa Antoni akaenda kumnunulia soda apoe. Laki nne na sitini zikahesabiwa mbele ya Evelyn, Antoni akatoa risiti. Yule ng'ombe alipopandishwa gari aligeuza shingo kumtafuta Winfrida, na Winfrida alikuwa ameshaondoka. Nilimkuta nyuma ya choo cha mnadani ameegemea ukuta.

Kwa pesa zilizobaki alinunua mtamba mdogo, mwepesi, bado ana manyoya ya utoto. Maziwa ya huyo ni habari ya miaka miwili mbele. Alilipa deni la dukani, akamlipa Monica na wenzake ile wiki waliyomchangia, akabakiwa na laki mbili na kidogo za mtaji. Bado anakwenda Kiboriloni na ndizi. Jesse anakunywa uji wa ulezi na maji, na ameota meno manne.

Wiki iliyopita tulikuwa tunakata majani wote wawili pale chini ya kihamba, simu yake ikaita. Macho yake hayaoni vitufe vizuri, kwa hiyo anaiweka sauti ya nje. Alikuwa Antoni.

"Mama yangu, habari za siku. Nina habari njema. Ofisi imeangalia rekodi zako, umemaliza deni mapema kuliko kikundi kizima. Sasa una sifa za kupata milioni moja. Bila kikundi, wewe peke yako. Naweza kuja hata kesho."

Nilisimama na mundu hewani. Nilimngoja Winfrida amtukane, au acheke. Aliinamia simu kwa heshima, kama anavyowaitikia watu wote.

"Asante, mwanangu," akasema, akakata.

Akakaa chini kwenye nyasi. Akang'oa unyasi mmoja, akautafuna.

"Mama Jesse," akasema, "milioni moja, kwa wiki inakuwa ngapi?"

Nilimtazama. Hakuwa anatania. Banda lile linahitaji sakafu, ninajua, na laki mbili za mtaji zimeshapungua, hilo nalo ninalijua. Nikaokota kijiti, nikampigia hesabu kwenye udongo, kwa tarakimu kubwa ambazo anaweza kuziona: elfu hamsini na mbili na mia tano.

Akasoma. Akazitazama muda mrefu, midomo inachezacheza. Kisha akanyoosha mguu akazifuta, akafunga mzigo wake wa majani, akaniomba nimtwishe. Simu iliita tena mara mbili tukiwa tunapanda. Hakuipokea, ila pia hakuizima.